Mtwara ina gesi, bandari, simenti na korosho. Mbona kwenye orodha za miji yenye uchumi mkubwa haipo?

Mwana wa Chikongola:
Wakuu salama? Naenda kwenye mada. Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya wasap, miji kumi yenye uchumi mkubwa Tanzania. Dar namba moja hapo sina ubishi, Mwanza yupo, Arusha yupo, Mbeya, Dodoma, Moro, mpaka Kahama kawekwa na kashika nafasi nzuri tu. Mtwara hakuna. Lindi ndo usiseme.

Sasa naomba kuelimishwa. Gesi inatoka Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, inaingia kwenye bomba inaenda kuwasha taa za huyo namba moja. Simenti ya Dangote pale Msijute, kiwanda cha tani milioni 3 kwa mwaka. Bandari yenye kina kirefu. Korosho, Bodi yake makao makuu hapa hapa, utafiti wake Naliendele hapa hapa. Huyo anayepanga anapima nini hasa, ghorofa? Foleni? Karibuni, matusi sitaki.

Siti ya Dirishani:
Nimewahi nafasi. Kahawa ipo, mwenye kashata asogee.

Ghala Kuu:
Mleta mada, swali zuri ila hiyo picha yenyewe ina kasoro kabla hata hatujafika Mtwara. NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wanatoa pato la taifa na pato la mkoa. Mkoa, sio mji. Kwaiyo aliyechora hiyo picha either kachukua namba za mikoa akaandika majina ya miji au katunga. Na hiyo Kahama sasa kaitoa wapi wakati Kahama ipo ndani ya mkoa wa Shinyanga? Kachanganya maboga na korosho.

Kwa mikoa, Dar peke yake inachukua kama 17% ya pato la taifa zima, Mwanza inafuata kwa mbali, wengine wanagombania vipande. Mtwara ukiipima kwa mkoa unaingiza Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu. Ukiipima kwa mji unabaki na manispaa yetu hii kuanzia Mikindani mpaka Naliendele. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mtoto wa Ndoro:
Natokea Lindi, nimesoma hapo juu tumetajwa kwa dharau nikaona niingie. Watani zangu wa Mtwara mnalia hamjawekwa kwenye picha, sisi Lindi tulikuwa makao makuu ya jimbo la kusini mkatuhamishia makao kwenu na hatujafungua uzi.

Mwana wa Chikongola:
Mtoto wa Ndoro hahaha hayo ya mkoloni muulize mkoloni.

Faida na Hasara:
Mimi ni mhasibu, niongee kwa upande wangu. Tatizo kubwa ni makao makuu. Kampuni inachimba au inazalisha huku, ofisi kuu ipo Dar, na kama ni mlipakodi mkubwa basi faili lake linashughulikiwa Dar na hela inaandikwa Dar. Kinachobaki huku ni mishahara ya walinzi na ushuru wa huduma wa halmashauri ambao ni 0.3% ya mauzo. Asilimia sifuri nukta tatu jamani, sio tatu. Ndo maana kwenye kila orodha Dar anaonekana anafanya kazi peke yake.

Ghala Kuu:
Faida na Hasara hapo umechanganya kodi na pato, samahani. Pato la mkoa halifuati kodi imelipwa wapi. Linafuata kazi imefanyika wapi. Gesi ikichimbwa Mnazi Bay thamani ya uchimbaji inahesabiwa kwenye mkoa wa Mtwara hata kama mwenye kampuni anakaa Toronto. Korosho hivyo hivyo. Shida inakuja kwenye vitu kama mabenki, simu, bima, usafirishaji, hivyo vinafanyika kila mahali kwa pamoja, wanabidi wavigawe mikoani kwa vigezo, na hapo ndo mjadala unapokuwepo.

Faida na Hasara:
Sawa mkuu, lakini umeona matokeo yake? Pato linaandikwa Mtwara, kodi inaandikwa Dar, na sisi hela tunaisikia redioni.

Bi Cherehani:
😂😂 hapo nimecheka mpaka sindano imenichoma.

Mpiga Debe Mstaafu:
Tuongee ukweli ndugu zangu gesi ilikuja 2010 wakati wa Kikwete tukaambiwa Mtwara itakuwa kama Dubai, watu wakauza mashamba, watu wakanunua viwanja, leo viwanja vinaota majani. Tusubiri tu.

Mwalimu Rahaleo:
Mpiga Debe, turekebishe hapo. Gesi ya Songo Songo, ambayo ni Kilwa mkoa wa Lindi, iligunduliwa 1974. Ya Mnazi Bay 1982. Ya Songo Songo ilianza kutumika Dar 2004. Unayosema wewe ya 2010 kwenda mbele ni ile ya kina kirefu baharini, ndiyo iliyoleta zile kelele zote na ndiyo inayotakiwa kujengewa mtambo wa kuigeuza kuwa kimiminika, Likong'o pale Lindi, na mpaka leo bado ni mazungumzo. Kwaiyo kizazi cha kwanza cha kuahidiwa gesi sasa hivi ni wazee.

Mpiga Debe Mstaafu:
Mwalimu umeanza na darasa lako. Hata kama ni 1974 hoja yangu iko pale pale, majani kwenye viwanja ni ya 2014.

Mama Loji:
Hapo kwenye viwanja mniachie mimi. Sisi na marehemu mume wangu tulijenga vyumba vya kulala wageni maeneo ya Shangani wakati huo wa utafiti wa gesi, kwa mkopo. Wazungu na wasaidizi wao walikuwa wanalipia miezi kwa mkupuo, hawaulizi bei, nyumba ya kawaida ya familia ilikuwa inapangishwa kwa bei ya Masaki, kwa matajiri wa Dar. Ingetoka orodha mwaka 2013 ya miji inayokua kwa kasi naamini Mtwara tungekuwa juu kabisa. Halafu bei ya mafuta duniani ikaanguka kuanzia 2014, meli za utafiti zikaondoka, wageni wakaisha, riba ya benki haikuondoka. Leo vyumba vile nimepangisha wanafunzi wa chuo, wanne wanne, na ndio wanaonilipa kwa uaminifu kuliko wale wa dola.

Kwaiyo nikisikia mji fulani umeshika namba fulani mwaka huu mimi nauliza, mwaka wa ngapi wa sherehe?

Siti ya Dirishani:
Mama Loji pole sana na asante. Hii ndo faida ya JF (JamiiForums), unasoma kitu ambacho hakipo kwenye ripoti.

Box la Ughaibuni:
Niwape mfano wa nje. Ireland mwaka 2015 takwimu zilitoka uchumi umekua zaidi ya 25% kwa mwaka mmoja. Hakuna kiwanda kipya cha maana kilichojengwa mwaka ule wala mshahara wa mtu kupanda robo. Kilichotokea makampuni makubwa ya nje yalihamishia hakimiliki zao Ireland kwenye makaratasi, faida ikahesabiwa pale. Wenyewe wakaona aibu, wakatengeneza kipimo kingine kinachotoa hivyo vitu ili wajue wananchi wao wanapata nini kweli. Kwaiyo mleta mada usililie kuwekwa kwenye orodha. Unaweza ukawekwa juu na ukazidi kuonekana kichekesho.

Na huku Marekani kuna taasisi inaitwa Milken Institute wanatoa orodha ya miji kila mwaka. Hawapimi ukubwa, wanapima ukuaji wa ajira, mishahara, mambo ya teknolojia. Miaka ya karibuni wakaongeza unafuu wa nyumba na intaneti ya majumbani nadhani ni kwa ajili ya malalamiko kwamba mji unashika nafasi za juu huku walimu na manesi wake hawamudu kodi wanalala miji ya jirani. Unaona sasa, kipimo chenyewe kinabadilika kulingana na nani kapiga kelele.

Mwana wa Chikongola:
Box hapo umenifungua. Ila sasa sisi tupige kelele kwa nani?

Wa Tandahimba:
Mmeongea gesi weee mpaka mkasahau korosho wakati asilimia kubwa ya watu wa mkoa huu hawajawahi kuiona hiyo gesi kwa macho wala kupikia, tunapikia kuni na mkaa, mimi ni mkulima niseme ya kwangu, uchumi wa huku ni wa miezi. Mnada ukianza mwezi wa kumi mpaka wa kwanza hivi wewe njoo Tandahimba, utasema hii ni Kariakoo, bodaboda mpya, bati zinapakiwa, redio kubwa, watu wanakula nyama kila siku, maduka yanafungwa saa nne usiku. Halafu njoo mwezi wa nne. Bodaboda ile ile inauzwa nusu bei, mtu anakopa unga, na anayekopesha ndo yule yule anayekuja kuchukua korosho kwa kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada kwa bei ya kutupa, kabla hazijaiva vizuri. Sasa wewe mwenye orodha umejumlisha mwaka mzima ukagawa, umepata wastani. Wastani huo hakuna mtu anayeishi ndani yake huku.

Na bei nayo. Kuna misimu tulikaribia 4,000 kwa kilo, mwaka 2018 wanunuzi wakaja na bei ndogo, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300 jeshi likaja na malori, baada ya hapo miaka kadhaa tukawa tunazungukia elfu mbili, msimu wa 2024/25 minada ya kwanza ikapita tena 4,000. Mti ni ule ule. Mimi ni yule yule. Mwaka mmoja mkoa unaonekana umekua sana mwaka mwingine umelala, wakati mimi shambani nimepalilia na kupuliza salfa vile vile.

Ghala Kuu:
Mkulima umeongea. Niongezee kidogo tu, kitaalamu wanatoa namba mbili, moja kwa bei za mwaka husika na nyingine kwa bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka mmoja uliochaguliwa wa kulinganishia, sasa hivi kizio ni 2015, ili kuondoa hiyo ya bei kupanda na kushuka. Ila watengeneza picha za wasap wanachukua yoyote inayowapendeza.

Afisa Kivuli:
Niko halmashauri moja huku kusini, sitasema ipi. Mnasahau orodha nyingine inayotuumiza vichwa, ile ya makusanyo ya mapato ya ndani. Kila mwaka halmashauri zinapangwa nani kaongoza. Sasa kuna kupanga kwa shilingi na kuna kupanga kwa asilimia ya lengo. Kwa shilingi majiji na manispaa kubwa kama Kinondoni watashinda milele. Kwa asilimia ya lengo, mjanja anaweka lengo dogo, anavuka, anapata 130%, anapigiwa makofi. Aliyeweka lengo la kweli anapata 85% anaitwa kujieleza.

Na kwa huku kwetu mapato makubwa ni ushuru wa mazao. Uliteremshwa 2017 kutoka 5% mpaka 3% kwa mazao ya biashara. Bei ya korosho ikiwa nzuri mkurugenzi wetu ni hodari, bei ikianguka mkurugenzi ni mzembe. Mvua nayo ikinyesha wakati wa maua ndo basi.

Mtoto wa Ndoro:
Afisa Kivuli sasa wewe umevua kivuli hahaha, wakikukamata sisi hatukujui.

Ila hoja yangu nyingine. Mkipanga kwa jumla mnapanga wingi wa watu. Sensa ya 2022 Mwanza watu milioni 3.7, Mtwara milioni 1.63, sisi Lindi milioni 1.19. Hata tungekuwa kila mtu tajiri kidogo kuliko Msukuma mmoja mmoja, kwa jumla tunaonekana wa mkiani. Gawa kwa kichwa uone orodha inavyopinduka. Ufuta wa Lindi huu na gesi ya Kilwa, gawanya kwa watu milioni moja na kitu halafu urudi hapa.

Ngosha wa Kirumba:
Nilikuwa napita kimya ila nimesikia Msukuma. Niwaambie tu ndugu zangu huo u-namba mbili wetu msiuonee wivu sana. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 umaskini wa taifa ulikuwa 26.4%, Dar 8% ndo ya chini kabisa, Mwanza pamoja na pato lake kubwa ilikuwa juu ya wastani wa taifa. Juu, yaani pabaya. Na mkoa uliokuwa na umaskini mkubwa kuliko yote ni Rukwa, 45%, mkoa ambao unalisha watu mahindi. Orodha ya pato na orodha ya maisha ni madaftari mawili.

Mwalimu Rahaleo:
Ngosha asante, hiyo ni pointi ya msingi. Na sio jambo geni. Simon Kuznets, mchumi aliyeandaa hesabu za mwanzo za pato la taifa la Marekani, kwenye taarifa yake ya mwaka 1934 kwa bunge lao aliwaonya kabisa kwamba ustawi wa watu hauwezi kusomwa kutoka kwenye namba ile. Wakachukua namba, onyo wakaliacha.

Sauti ya Kigae:
Naona wote mnazunguka mbuyu. Tatizo la kusini ni sisi wenyewe. Hela ya korosho inaishia kwenye unyago na jando, ngoma wiki nzima, mtu anauza gunia zote anacheza mtoto. Wachaga wakipata wanajenga wanasomesha. Orodha ipo sahihi.

Bi Cherehani:
Kaka Sauti ya Kigae nimesubiri mtu aseme hilo nijue ni nani. Mimi ni fundi nguo hapa Mtwara. Msimu wa ngoma mimi nashona mpaka naajiri wasichana wa kunisaidia, sare za makungwi, sare za ndugu wa mwali, za jirani. Muuza khanga anauza, mpishi analipwa, wa turubai analipwa, mwenye muziki analipwa, anayefuga mbuzi Nanyamba anauza. Hiyo hela imezunguka mtaani mara ngapi? Mtu wa Dar akifanya harusi ya ukumbi mnaita sekta ya matukio. Mmakonde akimcheza mwanae mnaita ufujaji. Ada za watoto wangu zimelipwa na hiyo ngoma unayoidharau.

Sauti ya Kigae:
Dada sijadharau, nasema hela ingeenda kwenye kubangua korosho tungekuwa mbali. Tunauza ghafi India na Vietnam, wanabangua wao, wanauza Ulaya na Marekani. Hiyo tofauti ya bei ndo uchumi wenyewe.

Wa Tandahimba:
Kubangua tumeambiwa tangu mababu. Viwanda vilijengwa na serikali enzi za Mwalimu Nyerere, vingine vikabaki maghala. Mimi ninayepaswa kula mwezi wa nne ndo nijenge kiwanda?

Dereva wa Kusini:
Mimi naendesha malori njia hii tangu zamani na naona mmeruka kitu kikubwa kuliko vyote, barabara. Kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji, lililokamilika 2003, tulikuwa tunavuka kwa pantoni Ndundu. Mvua ikinyesha kusini imefungwa, kwisha, mtu analala njiani siku hazihesabiki, nyanya zinaoza, simenti inaganda. Kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kimekuja kukamilika lami miaka mingi baada ya daraja. Na hata leo, mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakakaa foleni, Mtwara vitu vikapanda bei. Wenzetu wa Moro na Dodoma reli na lami wamekuwa nayo tangu tunazaliwa halafu mnawapanga kwenye orodha moja na sisi kama tulianza mbio mstari mmoja.

Mwalimu Rahaleo:
Dereva, na sisi reli tulikuwa nayo! Ndo kichekesho. Mradi wa karanga wa Waingereza, 1947, ndio ulioleta bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli kwenda Nachingwea. Karanga zikagoma, mradi ukafa 1951, reli ikabaki bila mzigo wa kutosha ikang'olewa miaka ya mwanzo ya sitini. Leo tuna kata inaitwa Reli, treni hakuna. Vijana hawajui hata kwa nini inaitwa hivyo. Na sasa tunasubiri reli ya Mtwara mpaka Mbamba Bay kule ziwa Nyasa, ya kuleta chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma.

Dereva wa Kusini:
Makaa tayari yanakuja mwalimu ila kwa malori, kutoka mkoa wa Ruvuma. Tangu 2021 hivi yamekuwa mengi kweli. Bandari ina kazi sasa hivi, sio kama zamani ilikuwa inaamka msimu wa korosho tu. Na korosho zenyewe kuna kipindi tulikuwa tunazibeba kwa lori mpaka bandari ya Dar, bandari ya hapa inatuangalia tunapita. Siku hizi wameelekeza zipitie hapa. Kwaiyo mwenye orodha yako ya miji, zile korosho zikipita Dar alimhesabia nani hiyo kazi ya ukuli na ghala?

Faida na Hasara:
Dar, bila shaka. Ndo nilichokuwa nasema mwanzo mkanikatalia.

Ghala Kuu:
Hujakataliwa, umenyooshwa.

Nahodha wa Msimbati:
Habarini. Kuna biashara ya mpakani na Msumbiji huwa hamuitaji. Kabla ya vurugu za Cabo Delgado zilizoanza 2017 watu wa huku walikuwa wanavuka mto Ruvuma na baharini kila siku, samaki wakavu, nguo, mafuta ya kula, simu, madirisha ya alumini, kila kitu. Hakuna risiti. Vurugu zilipokuja, mpaka kijiji cha Kitaya kwetu kikashambuliwa 2020, biashara ile ikasinyaa. Sasa kwa kuwa haikuwa kwenye takwimu ilipokuwa hai, ilipokufa nayo haikuonekana kwenye takwimu. Lakini mitaa ya Mtwara mjini iliisikia. Muulize yeyote mwenye duka la jumla.

Mama Loji:
Kweli kabisa. Wateja wa Palma na Mocímboa kule Msumbiji walikuwa wanalala kwangu.

Jembe Halimtupi:
Na chakula tunacholima wenyewe je? Muhogo wa nyumbani, mbaazi, choroko, huo hauhesabiwi kabisa ndo maana tunaonekana maskini wakati tumeshiba.

Ghala Kuu:
Hapana mkuu, huo unakadiriwa unaingizwa, kilimo cha kula mwenyewe kimo ndani ya pato. Ambacho hakimo ni kazi za nyumbani zisizolipwa. Mama anayepika, anayelea wajukuu, anayeuguza. Ile kazi ni sifuri kwenye hesabu. Ila akimlipa dada wa kazi amfanyie, pato la mkoa limepanda. Hapo ndo utaona kipimo kinavyofikiri.

Bi Cherehani:
Yaani shida ikiwa kubwa mpaka ukailipia ndo inaitwa uchumi. Haya.

Kijana wa Machinga Kompleksi:
Mimi ni wa Lindi vijijini nipo Dar nauza nguo. Ndugu zangu wengi tu wapo huku. Jasho letu linahesabiwa Dar. Hela natuma kwa simu kila mwisho wa mwezi kwa bibi, nyumba ya bati kule nimejenga kwa faida ya mtumba wa huku. Sasa mnaposema Dar ina uchumi mkubwa, mle ndani kuna kusini nzima imejificha. Na huku Dar penyewe nalipa kodi chumba kimoja Tandale hela ambayo Lindi napangisha nyumba. Kwenye orodha niko mji namba moja, kitandani tunalala watatu.

Mwana wa Chikongola:
Hii comment ya Kijana naona niifungie uzi lakini acha uendelee. Nilichoelewa mpaka sasa kila mtu ana sababu yake. Mhasibu anasema makao makuu, Dereva anasema barabara, Kigae anasema ngoma, Mtoto wa Ndoro anasema idadi ya watu. Mimi bado nina swali moja, umeme. Gesi yetu inawasha Dar, kwa nini sisi tulikuwa tunalala giza?

Dereva wa Kusini:
Kwa sababu tulikuwa nje ya gridi ya taifa miaka mingi, tunategemea mitambo ya gesi ya hapa hapa. Mtambo ukipata hitilafu hakuna wa kukuazima. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa anajua ratiba ya mgao kuliko ratiba ya swala.

Sauti ya Kigae:
Na ndo maana mwekezaji wa kubangua hakuja. Umeona sasa, hoja yangu na yako zimekutana.

Wa Tandahimba:
Hazijakutana. Wewe ulisema ngoma.

Mtoto wa Ndoro:
Wakati mnagombana niwakumbushe kuna orodha moja ambayo Lindi tupo na Mtwara hampo, ligi kuu. Namungo tupo tangu 2019, Ndanda yenu ilishuka 2020 na Nangwanda Sijaona imebaki uwanja wa mikutano.

Mwana wa Chikongola:
Haya uzi umeharibika rasmi. Mtoto wa Ndoro, Namungo ni ya Ruangwa, Lindi mjini mna timu gani? Mnajibebea sifa za wilaya kama Dar inavyojibebea gesi yetu.

Siti ya Dirishani:
GOOOOLI 😂😂😂

Ngosha wa Kirumba:
Tena la kisigino.

Nahodha wa Msimbati:
Mimi swali dogo nje ya mada, kuna anayejua bei ya pweza feri leo? Upepo umekataa sijaingia baharini.

Mama Loji:
Iko juu, jana nimerudi na dagaa.

Wa Tandahimba:
Bi Cherehani, nimependa ulivyomjibu yule. Mdogo wangu anaoa mwezi wa kumi na moja, unachukua oda ya sare? Tupo kama watu arobaini.

Bi Cherehani:
Nachukua kaka. Ila kitambaa mlete na advansi kabla ya mnada wa kwanza. Bei ya korosho ikitangazwa mafundi mji mzima tunapandisha.